Somo la Juma: Shamba la Nabothi na Maji ya Cattaraugus

Kusoma: 1 Wafalme 21:1-16; Ezekieli 34:17-19
Kwa vikundi vya nyumbani vya Louisville, Columbus na Buffalo

Habari ya Nabothi wengi wetu tuliisikia tukiwa watoto, na kilichobaki kichwani ni ubaya wa Yezebeli. Juma hili tunaomba tukae kwanza kwenye jibu la Nabothi mwenyewe. Ahabu hakumjia na upanga. Alimjia na fedha, au shamba jingine lililo zuri kuliko lile. Kwa hesabu ya sokoni ilikuwa biashara nzuri. Nabothi alikataa kwa kuwa shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na urithi wa namna hiyo hakujiona kuwa na haki ya kuutoa. Sisi tuliotoka Kivu, Katanga na Burundi tunaielewa lugha hiyo bila mkalimani.

Ndugu zetu wa Buffalo wana majirani wanaosema hivyo hivyo. Ni Waseneca, wenyeji wa nchi ile kabla ya New York kuitwa New York. Mwaka 1794, kwa mkataba wa Canandaigua, serikali ya Marekani ilikiri kwamba ardhi yao ni yao na ikaahidi kutowasumbua. Mwaka 1965 bwawa la Kinzua lilikamilika, nao walikuwa wamepinga mpaka mahakamani. Karibu ekari 10,000 za ardhi yao ya Allegany zilichukuliwa, watu wapatao 600 wakahamishwa, hata makaburi yakafukuliwa. Mwaka uliofuata, 1966, kilomita kama 55 kusini ya Buffalo, kiwanda cha nyuklia cha West Valley kilianza kazi.

Kazi yake ilikuwa kuchukua fimbo za urani zilizokwisha kutumika katika vinu vya umeme, kuziyeyusha kwa tindikali, na kutoa kilichofaa kutumika tena. Kilidumu miaka sita tu, mpaka 1972. Kampuni ikaondoka, taka zikabaki: lita zaidi ya milioni mbili za majimaji yenye mionzi mikali ndani ya matangi ya chini ya ardhi, na mahandaki marefu yaliyojaa taka nyingine na kufukiwa udongo. Mwaka 1980 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kusafisha mahali pale. Kati ya 1996 na 2002 yale majimaji yaliyeyushwa pamoja na kioo, yakamiminwa katika makopo makubwa ya chuma, 275 kwa idadi, kila moja likimzidi mtu mzima kwa urefu. Hiyo ilikuwa kazi njema na tuiseme wazi. Lakini makopo hayo bado yapo palepale, na mahandaki bado yapo.

Sasa tazameni ramani. Kiwanda kiko juu ya kijito cha Buttermilk. Buttermilk huingia mto Cattaraugus. Cattaraugus hupita katikati ya ardhi ya Waseneca, kisha humwaga maji Ziwa Erie, na maji ya bomba ya Buffalo hutoka Ziwa Erie. Udongo wa mabonde yale unamomonyoka kila mwaka, na maji ya chini ya ardhi yalikwisha kubeba strontiamu-90 kutoka chini ya kiwanda, hata mwaka 2010 ukajengwa ukuta wa kuyachuja. Baadhi ya ndugu zetu huenda Cattaraugus kuvua samaki. Waseneca wanavua huko tangu enzi za mababu. Ndiyo maana wamekuwa wakidai taka zote zifukuliwe na kuondolewa, kwa hofu kwamba kinachofukiwa leo mto utakifikia kesho. Ezekieli 34 inasema juu ya kondoo wanene wanaokunywa maji safi kisha wanayavuruga kwa miguu, na wale dhaifu wanakunywa yaliyobaki. Someni mistari hiyo mkiwa na ramani mkononi.

Hapa somo linakuwa gumu, na hatutaki kulirahisisha. Ziondolewe zipelekwe wapi? Mwaka 1987 sheria ilichagua mlima Yucca, Nevada, kuwa kaburi la taka kali za nchi nzima. Lakini mlima ule ni ardhi ya Washoshone wa Magharibi kwa mkataba wa mwaka 1863, nao wakakataa. Mpango ule umekwama. Kwa hiyo shauri la Mseneca likifuatwa, mzigo unaweza kuhamia mlangoni kwa Mshoshone. Anayesema tu "ziondoeni hapa" hajamaliza maneno.

Upande wa Kanada jambo lilikwenda tofauti. Kampuni ya umeme ya Ontario ilitaka kuzika taka zake chini kabisa karibu na Ziwa Huron, ambalo maji yake ndiyo yanayoshuka mpaka Erie. Iliahidi kutojenga pasipo kibali cha wenyeji, watu wa Saugeen Ojibway. Januari 2020 walipiga kura: 170 walikubali, 1,058 walikataa. Kampuni ikaacha mpango. Huyo ni Ahabu aliyesikia neno "hapana" akarudi nyumbani kwake, na ni mfano adimu.

Mtu asiseme haya ni mambo ya wengine. Urani ya mabomu ya kwanza, sehemu yake kubwa, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Mawe yake yalisafirishwa mpaka Tonawanda, ubavuni mwa Buffalo, yakasagwa na kusafishwa huko wakati wa vita. Masalio ya mawe ya Kongo yamefukiwa Lewiston, jirani na ardhi ya Watuscarora. Mwaka 2019 jeshi la Marekani liliamua yachimbwe na kuondolewa. Tulipolisoma hili katika kikundi, mzee wetu mmoja, mzaliwa wa Likasi, alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Kumbe jiwe la kwetu lilitutangulia hapa." Wala wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuulizwa.

Ndugu wa Columbus wanalo la Piketon, kusini mwao, ambako urani ilirutubishwa kuanzia 1954 mpaka 2001, na mwaka 2019 shule moja ya jirani ilifungwa baada ya chembe za mionzi kuonekana. Wa Louisville wanalo la Maxey Flats, mahandaki yaliyofungwa mwaka 1977 kwa sababu ya kuvuja. Huko Washawnee waliondolewa tangu karne ya 19, na leo Ohio haina hata eka moja iliyotengwa kwa taifa la wenyeji. Nabothi alikuwa amekwisha kutolewa shambani kabla ya taka kufika.

Ya kujadili nyumbani, wazazi na watoto pamoja:

Nabothi angejibu nini kama Ahabu angetaka kulima shamba la juu yake tu, lakini maji machafu yateremke kwake?

Mikutano ya wananchi kuhusu West Valley iko wazi kwa kila mkazi. Nani katika kikundi chenu yuko tayari kwenda, na nani atamfasiria?

Kama taka hizi ni lazima zikae mahali fulani, tungekubali zikae karibu na nyumba zetu kwa masharti gani?