Cheti Si Utayari: Maswali Kuhusu Kupima Mafunzo ya Dharura kwa Wahudumu wa Afya

Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ugonjwa ulioua watu kwa ghafla mkoani Kagera ni Marburg. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha, tarehe 2 Juni mwaka huohuo, watu 9 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 6 kati yao walifariki, mhudumu wa afya akiwemo. Tangu hapo semina za utayari zimekuwa nyingi, na maswali kuhusu faida yake nayo yameongezeka. Haya ni baadhi yanayoulizwa mara kwa mara.

Kwa nini mafunzo yenyewe yapimwe? Haitoshi kwamba yamefanyika?

Haitoshi. Siku za mwanzo Marburg huleta homa, kichwa kuuma na mwili kuchoka, dalili ambazo muuguzi wa zahanati huziona kila siku kwa wagonjwa wa malaria. Yeye ndiye hukutana na mgonjwa wa kwanza, si daktari bingwa wa hospitali ya rufaa. Akishindwa kushtuka, mlipuko humpitia mikononi. Uganda wanalijua hili kwa uchungu: katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa Septemba 2022 na kuanzia Mubende, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 kati yao wakafariki. Tunapopima mafunzo tunataka kujua kama mtu huyu wa mstari wa mbele anaweza kufanya alichofundishwa, kwa vifaa alivyonavyo, hata saa nane za usiku.

Mbona kila semina huisha kwa fomu na mtihani? Si ndiyo tathmini hiyo?

Ni sehemu yake, tena sehemu rahisi. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kuandika juu ya ngazi nne za kupima mafunzo, na wakufunzi wengi bado wanazitumia. Ngazi ya kwanza ni maoni ya washiriki: je, wameyapenda? Ya pili ni walichojifunza. Ya tatu ni wanachokifanya wakirudi kazini. Ya nne ni matokeo: mlipuko umegunduliwa mapema, maambukizi kituoni yamepungua.

Tathmini zetu nyingi huishia ngazi ya pili. Fomu ya maoni hujazwa siku ya mwisho, begi likiwa mlangoni na posho ikisubiriwa, na ni nani ataandika kwamba mkufunzi hakueleweka? Aliyekula vizuri na kulala pazuri huipa semina alama za juu.

Mtihani wa kabla na baada ya mafunzo una thamani zaidi, lakini nao una mpaka. Chukua klorini. Ukiuliza dawa ya kutakasa sakafu na meza iwe na nguvu ya asilimia ngapi, darasa zima litajibu 0.5. Mpe sasa mhudumu huyohuyo chupa ya jiki yenye asilimia 3.5, ndoo na kopo, umwambie achanganye. Jibu ni kopo moja la jiki kwa makopo sita ya maji. Wako watakaosita, na wako watakaomimina kwa kukadiria macho. Karatasi haiwezi kukuonyesha hilo, lakini ndoo inaonyesha.

Basi ngazi ya tatu hupimwaje?

Kwa kwenda kituoni. Mpimaji hukaa na orodha ya hatua na kumtazama mhudumu akivaa na kuvua mavazi kinga. Kuvua ndiko kwenye hatari kubwa, maana hapo mavazi yameshachafuka na mtu amechoka. Akigusa uso kwa glavu mara moja tu, mavazi yote yamekosa maana. Mpimaji hufungua pia rejista ya wagonjwa: waliokuja na homa na kutokwa damu walitengwa? Taarifa zao zilipelekwa kwa mganga mkuu wa wilaya? Lini?

Hapo muda unakuwa kipimo. Lipo lengo linalojulikana kama 7-1-7: tukio ligunduliwe ndani ya siku 7 tangu lianze, mamlaka zipewe taarifa ndani ya siku 1, na hatua za awali za mwitikio zikamilike ndani ya siku 7 nyingine. Uzuri wake ni kwamba tarehe haina aibu wala upendeleo. Ukiziandika tarehe hizo, tangu ya kuanza kwa tukio, kwa kila tukio, hata dogo kama kuhara kwa wanafunzi wa bweni, utaona ni wapi pamekwama.

Mazoezi ya kuigiza mlipuko yana maana yoyote?

Yanayo, yakifanywa kwa nia ya kutafuta makosa. Lipo zoezi la mezani, ambapo viongozi hujadili kisa cha kubuni, na lipo zoezi kamili la uwandani. Juni 2019 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliendesha zoezi la uwandani Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, kwa kisa cha kubuni cha Homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huo huambukiza mifugo na binadamu, kwa hiyo daktari wa mifugo, afisa wa forodha na mganga walilazimika kufanya kazi pamoja. Semina ya ukumbini haikupi hilo.

Ila zoezi ambalo kila mtu amefaulu lina kasoro. Ama kisa kilikuwa chepesi, ama washiriki walipewa majibu mapema.

Nani apime, na lini?

Asiwe mkufunzi aliyefundisha. Na isiwe siku ya mwisho ya semina tu: mpimaji aende kituoni baada ya miezi mitatu, kisha sita, kwa kuwa ujuzi wa mikono usiotumika hufifia haraka. Gharama ya safari hiyo iwekwe kwenye bajeti ya mafunzo tangu mwanzo, la sivyo haitafanyika.

Mlipuko ukitokea tena, ina maana mafunzo yameshindwa?

Si lazima. Tarehe 20 Januari 2025 Marburg ilitangazwa tena Kagera, safari hii Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, walihesabiwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote walifariki. Virusi hukaa kwa popo wa matunda. Hakuna semina inayowaondoa porini. Swali la haki ni jingine: wanane hao walifariki kabla mlipuko haujathibitishwa, je, walipitia vituo gani, nani aliwaona, na alikosa nini?

Pengine alikosa maarifa. Pengine alijua kila kitu ila glavu zilikwisha, simu haikuwa na salio, au sampuli haikupata gari. Kumrudisha darasani mtu aliyekosa glavu ni kupoteza fedha za umma, na ndilo kosa ambalo tathmini mbovu huzaa mara nyingi zaidi.

Mimi mwananchi nahusika vipi?

Kituo chako cha afya kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Kupitia kwao uliza mambo matatu: zoezi la mwisho la dharura lilifanyika lini, lilionyesha upungufu gani, na upungufu huo umezibwa? Na ukisikia vifo vya ghafla visivyoeleweka mtaani au kijijini, usingoje uhakika. Mwambie mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.