Mzee Asiyesikia Mnong'ono na Kuumizwa na Honi

Bwawa la Mwadingusha lilijengwa kwenye mto Lufira ili kuupa umeme uchimbaji wa shaba wa Katanga. Kazi ya shaba ina mashine zenye kelele, na kelele hiyo, mtu akikaa nayo miaka mingi, huharibu masikio kwa namna ya ajabu. Mzee aliyestaafu hasikii wajukuu wakinong'ona, lakini lori likipiga honi anaziba masikio kwa uchungu. Watu wa nyumbani hudhani anajifanya. Hajifanyi.

Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo, za aina mbili. Za ndani, kama 3,500, hupeleka habari kwenye ubongo. Za nje, kama 12,000, hutikisika zenyewe na kuikuza sauti hafifu. Sauti kubwa haihitaji sana msaada huo. Sasa, kelele huziumiza hasa hizi za nje, na zikifa hazioti tena. Ndiyo maana sauti ndogo hupotea, ilhali kubwa hufika na ukali wake uleule.

Tufanye hesabu. Tuseme mzee huanza kusikia kwenye desibeli 60, na maumivu yanaanzia 100. Mnong'ono una 30, maongezi 60, honi ya mbali 90. Kifaa cha kusikia kikiongeza 35 kwa kila sauti, mnong'ono utafika 65, lakini honi itakuwa 125: mateso matupu. Kifaa kizuri huongeza 35 kwa mnong'ono, 20 kwa maongezi na 5 tu kwa honi. Tunapata 65, 80 na 95, na zote zinaenea katika nafasi iliyobaki. Kazi ya seli zilizokufa imepata mrithi.

Mlango ukibamizwa ghafla, kifaa hupunguza ukuzaji ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde, kisha huurudisha taratibu zaidi. Tena upo mpaka wa juu ambao sauti ya kifaa haivuki. Vifaa vya zamani vilikata tu vilele vya mawimbi, na maneno yakakwaruza.

Mpaka huo haufai kukisiwa. Fundi humsikilizisha mzee mlio mmoja mmoja, mzito hadi mwembamba, akiupandisha kidogo kidogo mpaka mzee aseme, "Hapo, mwanangu, inaniumiza," na chini ya hapo ndipo kifaa hufungiwa.