Somo: Je, onyo letu lilifika kwa wakati?



Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya kazi moja ambayo kamati nyingi huiacha: kukaa pamoja na kupima kama mpango wetu wa kuonya watu mapema unaokoa maisha kweli. Kuunda kamati ni jambo zuri. Kugawa filimbi, megafoni na makoti ya mvua pia ni jambo zuri. Lakini vitu hivyo vyote vinaweza kuwepo, na maji yakaja yakakuta watoto wamelala.

Tunayakumbuka yaliyotupata. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha Uvira. Mto Mulongwe ulivunja kingo zake, makumi ya watu wakafa na maelfu ya jamaa wakabaki bila makao. Tarehe 4 Mei 2023, katika wilaya ya Kalehe, mito ilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Waliokufa walipita 400. Katika sehemu hizo zote mbili milima iko karibu na ziwa na mito ni mifupi. Mvua ikinyesha juu, muda wa kukimbia ni mdogo sana.

Kwa hiyo haitoshi kujiuliza: “Je, tulitoa onyo?” Tujiulize: “Je, mtu wa mwisho alilipata, akalielewa, akaliamini, na akaweza kuondoka?” Tuligawe swali hili katika sehemu nne.

1. Tuandike saa

Kila mara onyo linapotolewa, katibu wa kamati aandike saa nne katika daftari: saa mlinzi wa mto alipoona maji yanapanda, saa kiongozi alipopata habari, saa nyumba ya mwisho ilipoambiwa, na saa watu walipofika mahali pa juu.

Tuchukue mfano. Mlinzi aliona maji saa mbili usiku. Kiongozi alijua saa mbili na robo. Maji yaliingia mtaani saa tatu. Nyumba ya mwisho iliambiwa saa tatu na nusu. Ripoti itasema kwamba onyo lilitolewa, na ni kweli. Lakini kwa nyumba ile ya mwisho haikuwa onyo tena, ilikuwa habari ya msiba. Daftari linatuonyesha pia mahali muda ulipopotea: kati ya kiongozi na nyumba. Pengine simu yake ilikuwa imezimika. Pengine alingoja ruhusa ya mkubwa wake. Hapo ndipo pa kutengeneza.

2. Tuwatafute wasiosikia

Tukiuliza katika mkutano mkubwa, wababa watajibu, “Tulisikia sote.” Basi wamama wakae peke yao, na vijana peke yao. Wazee, wagonjwa na walemavu tuwafuate nyumbani.

Wakimbizi wa ndani nao waulizwe kwa namna ya pekee. Mara nyingi wanajenga kando ya mto, kwa sababu ndipo walipopata kiwanja. Lakini hawajui majina ya mahali. Onyo likisema, “Maji yamefika kwenye mwembe wa shefu,” mwenyeji anaamka na kukimbia. Aliyefika mwezi uliopita hajui mwembe huo uko wapi. Tena, je, onyo lilitolewa kwa lugha anayoisikia bibi yake?

3. Tuulize bila kulaumu kwa nini wengine hawakuondoka

Kuna anayeogopa wezi. Kuna anayeogopa kwamba akitoka kwenye kibanda chake jina lake litafutwa katika orodha ya msaada. Kuna aliyeonywa mara tatu na maji hayakuja, basi mara ya nne akageukia upande wa pili akalala. Kwa hiyo maonyo yasiyotimia nayo yaandikwe, na kamati iyaeleze mbele ya watu. Tukiyaficha, watu watayakumbuka tu, na watatuhesabu kuwa waongo.

Kuna sababu nyingine, nayo ni nzito. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa bunduki, akiambiwa usiku “ondoka hapa,” anauliza kwanza ni nani anayesema. Kama kamati yote ni ya kabila moja, au ya wenyeji peke yao, onyo la kweli linaweza kudhaniwa kuwa hila ya kuchukua kiwanja. Watu wanaweza kufa kwa kukosa kuaminiana, si kwa kukosa filimbi. Tuhesabu basi: katika kamati yetu wenyeji ni wangapi, wakimbizi wa ndani wangapi, wamama wangapi? Na mahali pa juu tulipopachagua, je, kila mtu anakubali kuingia hapo?

4. Tusisahau ukame

Mafuriko tunayapima kwa saa, ukame tunaupima kwa majuma. Mvua za Septemba zimechelewa. Chemchemi imepungua. Bei ya unga imepanda sokoni. Ng'ombe wamehamishwa mapema kuliko kawaida. Tuandike tarehe ya dalili ya kwanza, na tarehe ya mkutano wa kwanza kati ya wakulima na wafugaji. Kama ng'ombe waliingia shambani kwanza, na mkutano ukaitishwa baada ya ugomvi, onyo letu lilichelewa, hata kama hakuna aliyekufa.

Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza mpango wa kutaka kila mtu duniani alindwe na onyo la mapema kufikia mwisho wa mwaka 2027. Mpango huo una nguzo nne: kujua hatari, kuichunguza na kuitabiri, kufikisha habari, na kuwa tayari kutenda. Mettelsat, idara ya hali ya hewa ya nchi yetu, inaweza kutabiri mvua. Lakini haitabisha mlango wa nyumba ya mwisho. Kazi hiyo ni yetu.

Neno moja kwa viongozi. Kupima si kesi. Mlinzi wa mto akiadhibiwa kwa onyo lisilotimia, siku nyingine atangoja mpaka awe na hakika, na hakika hiyo itakuja pamoja na maji.

Maswali ya kuzungumzia pamoja

- Onyo la mwisho lilichukua muda gani kutoka kwa mlinzi mpaka nyumba ya mwisho?
- Ni nani kati yetu hakulipata? Tutamfikiaje kabla ya mvua nyingine?
- Ni nani alilipata na hakuliamini? Tumekwenda kumsikiliza?
- Ni jambo gani moja tutalibadilisha mwezi huu, na nani atalifuata?