KUSAHAU NA KUKUMBUKA

Mara nyingi mwanafunzi husema, "Jana nalisoma sana, na leo sikumbuki neno. Kumbe mimi sina akili!" Asijihukumu hivyo. Kila mtu husahau, hata mwenye hekima. Basi yatupasa kujua jinsi tunavyosahau, tupate kujua jinsi ya kukumbuka.

Alikuwako mtu mmoja wa Ujerumani, jina lake Hermann Ebbinghaus, aliyezaliwa mwaka 1850. Huyu alitaka kuipima kumbukumbu kama mwenye duka apimavyo mchele kwa mizani, naye alijipima mwenyewe. Aliona ya kuwa maneno ya kawaida hayafai kwa kazi hiyo, kwani mengine tumekwisha kuyazoea na mengine ni mageni. Kwa hiyo alitunga silabi 2,300 hivi zisizo na maana, akazipanga safu safu. Kila safu aliirudia mpaka akaweza kuitamka yote bila kuitazama. Kisha aliiacha. Baada ya muda alijifunza tena safu ile ile, akaangalia kazi imepungua kwa kiasi gani.

Mwaka 1885 aliyaandika katika kitabu mambo aliyoyaona. Akijifunza tena baada ya saa 1, kazi ilipungua kwa sehemu 44 katika 100. Baada ya siku 1, sehemu 34. Na baada ya siku 31, sehemu 21. Twaona, basi, ya kuwa faida ya kusoma hupotea upesi sana mwanzoni, halafu hupotea polepole. Lakini hata mwezi ulipopita haikupotea yote.

Aliona na jambo la pili. Kuirudia safu ya silabi 12 mara 38, kwa kuzigawanya katika siku 3, kulimfaa sawasawa na kuirudia mara 68 kwa siku moja.

Tena alijifunza beti za shairi la Kiingereza, akaona kazi yake ni kama sehemu moja tu katika kumi ya kazi ya silabi zile. Maana neno lenye maana hushikana na mengine, bali lisilo na maana hukaa peke yake.

Basi, ewe mwanafunzi, usingoje usiku wa kuamkia mtihani. Uliyofundishwa asubuhi, yarudie kidogo jioni. Kesho yarudie tena, na baada ya juma moja tena. Usikariri usilolifahamu, bali muulize mwalimu maana yake kwanza. Wahenga walisema, "Haba na haba hujaza kibaba." Aliyesahau hana haja ya kuona haya, na arudi kitabuni, kwa kuwa kazi ya mara ya pili ni nyepesi kuliko ya kwanza.

Maswali
1. Kwa nini Ebbinghaus alitumia silabi zisizo na maana?
2. Faida ya kusoma hupotea upesi wakati gani?
3. Una siku 3 za kujifunza somo moja. Utazigawanyaje?