Kwenda Chini ya Mlima Everest: Somo la Hewa Nyepesi



Mhariri ameniomba niandike habari za safari yangu ya Nepal, na hasa niwaeleze wanafunzi wa jiografia jinsi watu wanavyokwenda kwa miguu mpaka kambi iliyo chini ya mlima Everest. Nimekubali, lakini yafaa niseme kweli tangu mwanzo: mimi kambini sikufika. Nilirudishwa usiku, nikiwa nimebakiza mwendo wa siku moja tu, na kosa lilikuwa langu. Basi somo hili lina mambo mawili: habari za nchi, na habari za kosa.

1. MLIMA NA NCHI YAKE

Mlima Everest uko mpakani mwa Nepal na Tibet. Wanepali huuita Sagarmatha, na Washerpa, ambao ndio wenyeji wa mabonde yale, huuita Chomolungma. Urefu wake ni mita 8,848.86, kama serikali za Nepal na China zilivyotangaza mwezi wa Desemba 2020. Mlima wetu Ruwenzori, katika kilele cha Margherita, una mita 5,109. Kambi ya Everest, mahali ambapo wapandaji huanza kazi yao, iko mita 5,364. Maana yake, mtu asimamapo penye mguu wa mlima ule amekwisha kukipita kilele chetu kwa mita 255.

Tena milima hii miwili ina uhusiano katika historia. Waingereza wawili waliokuwa wakilima mashamba Kenya, Eric Shipton na H. W. Tilman, walipanda Ruwenzori mwaka 1932. Mwaka 1950 Tilman aliingia bonde la Khumbu, upande wa kusini wa Everest, pamoja na daktari Mmarekani, Charles Houston, na wenzao. Mwaka uliofuata Shipton aliongoza watu waliotafuta njia ya kupandia upande ule. Kisha tarehe 29 Mei 1953 Edmund Hillary wa New Zealand na Tenzing Norgay, Msherpa, wakafika kileleni. Msisahau jina la Dakta Houston, nitarudi kwake.

2. NJIA YENYEWE

Tulikwenda mwezi wa Oktoba 2018, mimi na mwenzangu mmoja niliyeketi naye dawati moja katika shule hii. Kutoka Kathmandu, mji mkuu, tulipanda ndege ndogo mpaka Lukla, mita 2,860. Uwanja wa Lukla ulijengwa mwaka 1964 kwa juhudi za Hillary. Ni mfupi, nao umeinama kama paa la nyumba: mwisho mmoja ni ukuta wa mlima, mwisho wa pili ni bonde. Ndege hutua ikipanda, na huondoka ikiteremka.

Toka Lukla kwenda juu hakuna njia ya motokaa. Mizigo mingi, mchele, mafuta, mabati, hata milango, hubebwa na wanyama au mgongoni mwa watu, kwa mkanda upitao juu ya paji la uso. Kiongozi wetu tulimwita "dai", yaani kaka mkubwa, kama wafanyavyo vijana wa huko. Alitufundisha kwamba ukikutana na mnyama yak njiani, usimame upande wa mlimani, usisimame upande wa genge, kwa maana mzigo wake waweza kukusukuma chini. Kadhalika, ukifika penye mawe yaliyochongwa maneno ya sala, uyapite yakiwa upande wako wa kulia. Chakula chetu cha kila siku kilikuwa dal bhat, yaani wali na mchuzi wa dengu.

Siku ya pili tulifika Namche, mita 3,440, mji wenye umbo la nusu ya bakuli, tukalala huko siku mbili. Halafu Tengboche, mita 3,867, penye nyumba kubwa ya watawa wa Kibudha. Halafu Dingboche, mita 4,410, ambako miti imekwisha kabisa, na moto wa jikoni ni wa kinyesi cha yak kilichokaushwa. Hapo ndipo nilipofanya kosa.

3. HEWA YA JUU

Kabla ya kusimulia, yatupasa kujua jambo hili. Watu wengi husema kwamba juu ya milima oksijeni imekwisha. Si kweli. Hewa ya Everest, kama hewa ya uwanja wetu wa mpira, ina sehemu 21 za oksijeni katika kila sehemu 100. Kinachopungua ni mkandamizo. Fikirini marobota ya pamba yasiyofungwa, yaliyopangwa ghalani moja juu ya jingine. La chini limebanwa na uzito wa yote yaliyo juu yake. La juu limelegea. Ndivyo ilivyo hewa. Penye kambi ya Everest mkandamizo ni kama nusu ya ule wa pwani ya bahari, basi kila pumzi huleta kama nusu tu ya oksijeni.

Mwili waweza kuzoea, lakini hauzoei kwa saa moja. Kwanza mtu huhema upesi na moyo hupiga mbio. Baada ya siku kadhaa figo hubadili kazi yake. Baada ya majuma damu huongezeka chembe nyekundu. Mtu akipanda upesi kuliko mwili unavyoweza kufuata, huumwa kichwa, hukosa hamu ya kula, hutapika, hukosa usingizi. Hizo ni dalili ndogo. Akizidharau, maji huweza kuingia mapafuni, akakohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa. Ugonjwa huo ndio alioueleza Dakta Houston katika maandishi yake ya mwaka 1960. Au ubongo huvimba, akapepesuka kama mlevi na kusema ovyo. Yote mawili huua, mara nyingine kwa muda wa saa chache.

4. KOSA LANGU

Nilipokuwa mwanafunzi nilipanda Ruwenzori pamoja na wenzangu mpaka kibanda cha Elena, mita 4,541, wala sikuumwa. Kwa hiyo nilijiona mtu wa milima. Tulipofika Dingboche, dai alisema, "Hapa tulale siku mbili." Mimi nikamsihi tuendelee kesho yake, kwa kuwa likizo yangu ilikuwa fupi. Akakataa, nikazidi kumsihi. Mwisho akauliza, "Kichwa hakikuumi?" Nikajibu, "Hapana." Kumbe kilikuwa kinaniuma tangu adhuhuri.

Asubuhi tukapanda mpaka Lobuche, mita 4,940. Jioni sikuweza kula. Mwenzangu akaniuliza, "Bwana, mbona huli?" Nikasema nimeshiba. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Saa saba ya usiku mwenzangu aliamka akanikuta nimekaa kitandani, nikilazimisha kiatu cha kushoto katika mguu wa kulia. Akaniuliza naenda wapi, nikamjibu naenda darasani. Akakimbia kumwita dai. Dai akaniambia nitembee juu ya mstari wa ubao, kisigino mbele ya vidole, hatua kumi. Hatua ya tatu nikaanguka. Nikamwambia kwamba sakafu ndiyo iliyopinda.

Hakungoja mapambazuko. Mpagazi wetu, kijana wa umri wa darasa la juu la shule hii, alitangulia na taa. Dai na mwenzangu wakanishika mikono, tukateremka. Juu ya Thukla njia hupita katikati ya marundo ya mawe yaliyojengwa kuwakumbuka waliokufa katika milima ile. Nayakumbuka marundo hayo kama ndoto, yakija moja moja katika mwanga wa taa.

Alfajiri tulifika Pheriche, ambapo chama cha uokoaji cha Himalaya kilianzisha zahanati mwaka 1973. Daktari alinipa oksijeni na dawa ya kupunguza uvimbe. Jua lilipokuwa juu, akili zangu zilikuwa zimerudi. Akasema, "Wewe huendi juu tena. Na shukuru kwamba waliokuleta hawakungoja asubuhi."

Nilipotoka nje sikumwona yule kijana. Nikaambiwa amerudi Lobuche kuleta mizigo yetu. Alikuwa amebeba mchana kutwa, ameteremka usiku kucha kwa ajili yangu, na sasa anapanda tena. Mwenzangu naye alikuwa na nguvu na afya ya kufika kambini, lakini hakukubali kuniacha. Miaka mitatu alikuwa akiweka akiba kwa safari ile. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mwezi wa Oktoba 2019 alirudi na dai yule yule, akalala Dingboche siku mbili, akafika. Aliniambia kwamba kambi iko juu ya mto wa barafu wa Khumbu, nayo barafu hulia chini ya mawe. Alikuta bendera za sala na mawe matupu, kwa maana mahema mengi huwa huko majira ya Aprili na Mei. Tena, jambo la ajabu, kilele cha Everest hakionekani kambini. Kimefichwa na miinuko iliyo karibu. Atakaye kukiona hupanda Kala Patthar, kilima kilicho jirani.

5. KANUNI ZA KUSHIKA

Kwanza: ukipita mita 3,000, usiongeze mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila siku ya tatu au ya nne upumzike.

Pili: kichwa kikiuma, usipande. Kikizidi, teremka.

Tatu: mtu akipepesuka au akikosa pumzi amekaa, ateremshwe mara moja, hata usiku, wala asiachwe peke yake.

Nne: wapagazi nao huugua. Wengi hutoka nchi za chini kama sisi. Waulizwe hali zao kama unavyoulizwa wewe.

Tano: sema kweli. Kanuni nne za kwanza hazina nguvu kama hii haipo, kwa maana kiongozi hana macho ya kuona ndani ya kichwa chako.

MASWALI

1. Ikiwa hewa ya kambini ina sehemu 21 za oksijeni katika 100, kwa nini mtu hutweta?

2. Kutoka Dingboche mpaka Lobuche ni mita ngapi? Je, mwandishi alivunja kanuni gani?

3. Mwandishi hakuugua Elena. Kwa nini jambo hilo halikuwa ushahidi kwamba hataugua Lobuche?

4. Katika watu wanne walioteremka usiku ule, ni nani aliyepoteza zaidi? Toa sababu zako.