Kupatanisha Nguvu ya Pikipiki na Gharama ya Petroli

Mwenye pikipiki hutaka mambo mawili kwa mashine yake: ipande mlima na mzigo bila kuchoka, tena petroli idumu. Mambo hayo yote mawili hupita mlango mmoja, nao ni kabureta; na mtu anayelivuta moja mpaka mwisho hulipoteza la pili. Kwa watu wengi wa Kenya jambo hili si dogo. Kazi ya boda boda imeenea mijini na vijijini tangu mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki ndogo, na faida ya mwendeshaji ni kile kinachobaki baada ya kulipa petroli na fundi.

HEWA NA PETROLI

Kinachoungua ndani ya silinda si petroli peke yake, bali ni petroli iliyochanganyika na hewa. Ili petroli yote iungue na hewa yote itumike, gramu 1 ya petroli yahitaji gramu 14.7 za hewa. Injini hutoa nguvu nyingi kabisa petroli inapozidi kidogo, yaani gramu 1 kwa gramu 12 au 13 za hewa. Hutumia mafuta machache hewa inapozidi kidogo, yaani gramu 15 au 16. Basi nafasi iliyopo kati ya nguvu na uangalifu wa mafuta ni nyembamba, na nje yake hakuna faida upande wowote.

Petroli ikizidi mno, moshi mweusi hutoka, masizi hushika plagi, na petroli isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda. Ikipungua mno, injini hupata joto kali, hugonga, na mwisho pistoni yaweza kutoboka. Hapo ndipo wengi wanapopata hasara. Hutia jeti ndogo ili waokoe shilingi chache za petroli, kisha hulipa bei ya pistoni na silinda, na siku za kazi hupotea pikipiki ikiwa kwa fundi.

KILA SEHEMU NA ZAMU YAKE

Yafaa kujua ya kuwa sehemu za kabureta hazitawali kwa wakati mmoja. Pikipiki inaponguruma imesimama, jeti ndogo na skrubu yake ndizo zinazotawala. Mkono wa mafuta unapofunguliwa nusu, ni sindano. Na unapofunguliwa wote, ni jeti kubwa. Kwa hiyo mtu anayekaza skrubu ili apunguze petroli ya safari ndefu hajagusa mahali penyewe.

PWANI NA BARA

Mombasa iko usawa wa bahari, na Nairobi iko yapata meta 1,700 juu yake. Huko juu hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi, lakini tundu la jeti ni lile lile. Ndiyo sababu pikipiki iliyotengenezwa vizuri kwa hewa ya Mombasa hunywa petroli kupita kiasi ikifika Nairobi, na zaidi ikifika Eldoret, penye meta 2,100 hivi. Ikitiwa jeti ndogo kidogo, hupata nguvu na kuokoa petroli pamoja, ingawa haitapata nguvu zote ilizokuwa nazo Pwani. Lakini ikiteremshwa tena Mombasa bila kurudishiwa jeti yake ya kwanza, hewa nzito huishinda petroli, na injini huwa katika hatari ya joto. Pikipiki zilizo na mtambo wa umeme wa kunyunyiza petroli hujipimia hewa zenyewe.

MAMBO YA KUTAZAMA KABLA YA KUGUSA KABURETA

1. Kichungio cha hewa kisafishwe. Kikiziba, petroli huzidi. Wala kisiondolewe kwa kutafuta nguvu, maana vumbi la barabarani husaga silinda.

2. Tairi ziwe na upepo ulioagizwa, mnyororo utiwe oili na usikazwe mno, na breki zisishike gurudumu linapozunguka.

3. Plagi itazamwe baada ya safari. Rangi ya hudhurungi ni dalili njema. Weusi wa masizi ni petroli nyingi. Weupe ni joto na petroli chache.

4. Gurudumu la meno la mbele lifae njia. Penye meno 14 mbele na 42 nyuma, gurudumu hilo huzunguka mara 3 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Likitiwa la meno 15, ni mara 2.8. Katika nchi tambarare hilo huokoa petroli. Milimani hulemea injini.

5. Mwendo upunguzwe. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upinzani wa upepo huongezeka mara nne, na hakuna jeti iwezayo kuuondoa.

KUPIMA KWA DAFTARI

Rekebisho lifanywe moja tu kwa wakati, kisha lipimwe. Tangi lijazwe, kilometa ziandikwe, na baada ya kazi ya siku lijazwe tena. Kwa mfano, pikipiki ikienda kilometa 180 kwa lita 4, hiyo ni kilometa 45 kwa lita. Ikiwa baada ya rekebisho inakwenda 40 tu, safari ile ile itahitaji lita 4 na nusu, na mwenyewe ataamua kama nguvu aliyoipata yastahili nusu lita kila siku. Abebaye magunia milimani huenda akaona yastahili. Achukuaye abiria mmoja mmoja mjini huenda akaona ni hasara.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwendeshaji apimaye hivyo hatadanganywa na sauti kubwa ya injini, wala na ahadi ya fundi asiyeuliza kwanza pikipiki inafanya kazi gani, na wapi.