Sura ya Mwafrika katika Hadithi na Filamu za Maajabu: Maswali ya Wazazi na Walimu

Tatizo liko wapi, ikiwa hadithi yenyewe ni ya kubuni?

Falme na mazimwi hubuniwa, lakini rangi za watu wanaopewa wema na ubaya huchukuliwa katika dunia hii hii. Katika The Lord of the Rings, baadhi ya maadui wanaotoka kusini ni watu weusi. Mtoto hafundishwi hilo kwa maneno. Analiona tu, mara nyingi, mpaka analizoea.

Tabora inahusikaje?

Inahusika sana. Hadithi nyingi za Kizungu kuhusu Afrika ya maajabu zilifuata mkondo wa vitabu vya wasafiri, na waliovuma zaidi walipita njia ya Bagamoyo, Ugogo, Unyanyembe na Ujiji. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857. Stanley alikaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871, akaingia hata vitani dhidi ya Mirambo, mtawala wa Unyamwezi. Katika masimulizi yao msafara mzima una shujaa mmoja, naye ni Mzungu. Wapagazi wanatajwa zaidi kwa utoro na uvivu.

Kumbe njia hiyo Wanyamwezi walikuwa wakiipita na pembe za ndovu tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla ya Mzungu yeyote kuiona. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, karibu kilo 32, kwa ujira na posho ya kupatana. Akipunjwa, alitua mzigo akaenda zake. Mbele alitangulia kirangozi na bendera yake, mtu wa kuijua njia. Waandishi wa riwaya walipokopa safari hiyo, ujuzi wote wakampa mgeni.

Je, kitabu cha Mashimo ya Mfalme Sulemani nacho kimo katika mkondo huo?

Kimo. Mwandishi Mwingereza Haggard alikitoa mwaka 1885, Frederick Johnson akakifasiri mwaka 1929, kikawa kitabu cha shule. Kiswahili chake ni kitamu, na wengi tunakipenda hadi leo. Umbopa humo ana heshima ya kweli: mfalme aliyeporwa kiti, anayesimama bega kwa bega na Wazungu. Lakini msichana Foulata, anayempenda Mzungu mmojawapo, anauawa, na mwandishi anamfanya aamini kwamba ni afadhali afe, kwa kuwa weusi na weupe hawawezi kuwa pamoja. Msimulizi anaafiki. Mimi naona hapo ndipo mwalimu asimamishe usomaji, darasa lizungumze.

Riwaya iliyofuata, Allan Quatermain ya 1887, inawatoa wasafiri pwani ya Kenya, inawapitisha Umasaini, na huko bara kabisa wanakuta taifa la watu weupe lenye majumba ya fahari. Haggard hakuthubutu kuwapa weusi majumba hayo.

Filamu za Mashimo ya Mfalme Sulemani zilirekebisha?

Si kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1937 Paul Robeson, Mmarekani mweusi, alimwigiza Umbopa kwa hadhi kubwa. Ile ya 1950 ilipigwa picha Afrika Mashariki na Kongo. Mandhari ni ya kweli, ila wenyeji wamebaki kuwa sehemu ya mandhari. Ya 1985, miaka 100 baada ya kitabu, iliwatia mashujaa wa Kizungu katika chungu kikubwa wapikwe. Katika kitabu hakuna kitu hicho.

Na Black Panther?

Filamu ya 2018, aliyocheza Lupita Nyong'o, imechukua mfumo uleule wa ufalme uliofichika wenye madini, ikageuza umiliki: wataalamu ni Waafrika. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo kiti cha ufalme bado kinaamuliwa kwa kupigana.

Nimzuie mwanangu asitazame?

Hapana. Tazama naye, kisha muulize: nani ana jina? Nani anaijua njia? Nani anakufa ili mwingine aendelee?

Mkiwa Tabora, mpeleke kwenye tembe la Livingstone pale Kwihara, ambalo sasa ni makumbusho. Mweleze kwamba mwaka 1873 Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa Livingstone, walifika Unyanyembe wakiwa na maiti yake. Cameron, ofisa wa Kiingereza waliyemkuta hapo, aliwashauri wamzike palepale. Walikataa, wakaendelea na safari yao, wakaifikisha Bagamoyo Februari 1874.